Kiatu cha Kushoto cha Kombora

Tarehe 9 Januari

Mdogo wangu Kitumbo,

Natumaini barua hii inakukuta umekaa, maana najua ukisimama tu watu wanaanza kukupa mikono. Sisi huku hatujambo. Mgongo unanisema kila nikiinuka kwenye cherehani, lakini shule zinafunguliwa na sare hazijui mgongo. Wazazi wamejaa mlangoni na kila mmoja anataka ya mwanawe itangulie. Mpwa wako amepandishwa cheo kule bohari. Sasa anatembea na funguo nyingi kiunoni, hata akija kunisalimia hazivui. Mkewe anakusalimu sana.

Nimeshika kalamu kwa jambo moja. Mpwa wako alinionyesha picha yako kwenye simu, umezungukwa na watu mbele ya lile duka la vifaa vya ujenzi unakofanya kazi. Wote wanacheka na wewe unacheka. Lakini umesimama kwa mguu wa kulia. Wa kushoto umeugusisha tu chini, kama mtu anayeonja maji ya moto kabla ya kuoga. Nikamwambia mwanangu aikuze picha. Akakuza uso. Nikamwambia uso wake naujua tangu alipozaliwa, nikuzie miguu.

Mguu una nini?

Nakuandikia kwa sababu simu zako nazijua. Nikikuuliza jambo unanichekesha, na nikishacheka unaaga. Kwenye barua hutapata pa kunikimbilia. Nijibu.

Dada yako


Tarehe 4 Februari

Dada yangu,

Nimefungua bahasha nikasikia harufu ya kitambaa kipya, nikajua ni wewe kabla sijasoma. Mimi mzima kabisa. Nyumba inavuja upande mmoja ila nimehamisha kitanda, kwa hiyo mvua na mimi hatuna ugomvi. Tangu wifi yako aondoke duniani, kitanda hakina wa kunibishia kikae wapi. Mpe pole mpwa wangu kwa cheo, na mwambie funguo ni za kufungulia milango, si za kuvaa.

Kazini wamenihamisha. Tajiri mwenye duka ameniondoa kaunta akanipa kiti changu mlangoni. Anasema mtu akija kumsalimia Kombora ataona haya kuondoka bila hata misumari. Na kweli, dada, wanakuja. Miaka yote hii tangu nitundike daluga, nilidhani wangeshanisahau. Wapi. Wanakuja vijana ambao baba zao walikuwa wanabebwa mgongoni siku nilipofunga lile goli la fainali, nao wananisimulia mimi jinsi nilivyofunga. Mmoja alinisahihisha. Alisema mpira ulitoka kulia, si kushoto. Nikamwambia asante kwa kunikumbusha.

Mguu hauna kitu. Ni uchovu wa kukaa kitini. Ila ili usije ukasema sikukusikia, nilikwenda hospitali. Nilifika nikakuta foleni mpaka nje. Mlinzi aliponiona akapiga saluti. Akasema Kombora hapangi foleni, akanishika mkono mpaka ndani, na watu kwenye mabenchi wakapiga makofi badala ya kukasirika. Daktari mwenyewe akafunga mlango, akachora uwanja kwenye karatasi, akaniuliza nilisimama wapi na kipa aliruka vipi upande usio wake. Tulicheka sana. Akanipa dawa za maumivu akasema, "Utunze huo mguu, bado tunakudai goli jingine."

Basi ondoa wasiwasi.

Mdogo wako,
Kombora (kwako Kitumbo, nimekubali)


Tarehe 1 Machi

Kitumbo,

Huku salama, mvua zimeanza, mteja mmoja amekataa gauni kwa kuwa amenenepa, na kosa ni langu. Nashukuru kwa salamu.

Nimesoma barua yako mara mbili nikiutafuta mguu. Nimemwona mlinzi, nimeiona foleni, nimemwona daktari na karatasi yake, na yule kipa maskini ambaye miaka haijamwonea huruma. Mguu sijauona popote.

Nina swali moja tu. Huyo daktari alikuvua kiatu?

Dada yako


Tarehe 14 Aprili

Dada yangu mpenzi,

Nisamehe kwa kuchelewa. Mvua huku imekuwa ya kutusuta, saruji ya Tajiri imeloa, na sisi wote tumekuwa wabebaji. Mimi nabeba kwa mdomo tu, naelekeza. Majirani wazima. Kinyozi wa pale jirani, yule mwongeaji, amenunua kioo kipya na amebandika picha yangu ya ujana pembeni yake, ili wateja waniangalie wakati wananyolewa. Nimemwambia atafukuza watu.

Sasa sikia habari. Manispaa wanapaka rangi upya ukuta wa uwanja, na kwenye geti kuu wanamchora mdogo wako akipiga lile shuti. Mchoraji alikuja dukani na vipimo vyake, kijana mpole mwenye rangi kwenye kucha. Akaniomba nisimame nimnyanyulie mguu wa kushoto auone. Nilimnyanyulia kidogo, akasema inatosha, mengine anayo kichwani. Ukuta utazinduliwa Novemba na mimi ndiye nitakayepiga mpira wa kwanza. Watu wameanza kuhesabu miezi. Mama mmoja muuza magazeti alilia aliposikia, akasema mumewe marehemu alifunga redio kwenye baiskeli ili aisikilize fainali ile akiwa kazini. Nilimshika mkono tu.

Na kwa kuwa wewe huishi bila kuuliza, nimekwenda hospitali nyingine, ile kubwa. Kifundo kilikuwa kimevimba kidogo. Wauguzi wakaitana kutoka vyumba vyote. Daktari mmoja akatuma mtu nyumbani kwake alete jezi niitie sahihi. Wameniambia nipumzike, na ndivyo ninavyofanya, kwenye kiti.

Nimenunua viatu vipya, vyeusi, vinang'aa. Nimechukua namba kubwa kidogo ili nipate nafasi.

Mdogo wako,
K.


Tarehe 3 Mei

Kitumbo,

Hatujambo.

Umejaza kurasa na hukunijibu. Viatu vya namba kubwa hununuliwa na mtoto anayekua au na mtu aliyevimba mguu. Wewe uliacha kukua siku nyingi.

Baba naye alinunua viatu vikubwa.

Alikuvua kiatu?

Dada


Tarehe 20 Julai

Dada,

Nilikuwa nimeapa kutokujibu. Barua yako imekaa juu ya redio, nikipita naigeuza upande wa pili. Ndiyo maana umengoja.

Naomba tuelewane. Baba usimtaje. Baba alikuwa mkaidi, hakukanyaga hospitali mpaka walipombeba, akakatwa mguu gotini, na kilichofuata tunakijua wote wawili, hakina haja ya kuandikwa. Mimi nimekwenda hospitali. Nimekwenda mara tatu sasa. Huwezi kunilinganisha na mtu ambaye hakwenda.

Hapo juu niliandika juzi, nikiwa na hasira. Leo nimetulia, nimeamua kuendelea kwenye karatasi hii hii badala ya kuichana.

Hakuna aliyenivua kiatu. Wa kwanza hakukumbuka, wa pili hakukumbuka. Wa tatu alikuwa muuguzi, dada mmoja wa makamo, alikwishapiga magoti na kushika kamba. Nikamwambia, "Ukikivua hiki utakuta goli ndani." Chumba kizima kikacheka, naye akacheka, akainuka. Ikaishia hapo. Nilijua ninachofanya.

Chini ya kidole kidogo pana kidonda. Nilikanyaga msumari dukani, sijui lini, kwa sababu sikuusikia. Niliona damu kwenye soksi jioni nikashangaa ya nani. Hakiumi, dada. Kingekuwa kinauma ningekwenda mbio. Nakiosha nimeangalia dirishani, navaa soksi safi na kulala nazo. Kina harufu. Nimeanza kupaka manukato, na Tajiri ananitania kuwa nimepata mchumba.

Wewe hujawahi kupenda mpira, kwa hiyo hili utaliona la kitoto. Watu wakikutana nami wanaangalia kwanza mguu wa kushoto, halafu ndipo wananiangalia usoni. Nimeishi hivyo tangu ujana. Wakinipokonya mguu huu, pale mlangoni watamsalimia nani? Mzee anayelinda misumari. Naogopa. Nimelisema.

Mpwa wangu asijue.

K.


Tarehe 2 Agosti

Mdogo wangu,

Nimepata barua yako mchana huu na nakujibu mchana huu huu, wateja nimewaambia warudi kesho. Mpwa wako hajui. Wote wazima.

Nakushukuru kwa kuniambia. Sasa na mimi nakuambia jambo ambalo sikukuambia wakati ule, kwa sababu ulikuwa kambini na timu na tulikubaliana usisumbuliwe. Kiatu cha baba hakikuvulika. Mama alimshika goti, mimi nikachukua mkasi wangu wa kukatia vitambaa, nikakikata kile kiatu kuanzia kisigino. Kilichokuwa ndani sikuandikii. Mkasi ule sikuutumia tena kwa nguo ya mtu. Kwa hiyo ninapokuuliza habari ya kiatu sikuonei, ni kwamba nimeshakiona.

Umeniuliza watamsalimia nani. Sijui, Kitumbo. Mimi sijui mpira na sitajidai leo. Ninachojua ni kwamba ukiingia hospitali na kiatu kinachong'aa, wote mle ndani wanaona goli, na hakuna mtu anayelitibu goli. Basi waache waone mguu.

Nimekuwekea humu kitambaa cheupe, pamba tupu, kile cha mashati ya shule. Nimekichemsha na kukipiga pasi. Jumatatu asubuhi osha mguu, ufunge nacho hicho tu, kisha vaa ndala. Soksi usivae na suruali uikunje. Utoke mlango wa mbele, si wa uani. Usitembee mbali, chukua pikipiki. Na ukiona mtu anataka kukuuliza habari za fainali, nyoosha mguu.

Ukinijibu kwa mzaha safari hii nitakuja mwenyewe, na mgongo wangu huu, na mkasi.

Dada yako anayekupenda, ingawa hatuna mazoea ya kuandikiana hivyo


Tarehe 10 Septemba

Dada,

Nakuandikia nimelala, karatasi juu ya trei ya chai, ndiyo maana mwandiko unapanda mlima. Usishtuke kwa muhuri wa hospitali kwenye bahasha. Nipo na nimekamilika, au karibu hivyo.

Nilifanya ulivyosema. Nilisimama nyuma ya mlango wa mbele muda mrefu kuliko nilivyowahi kusimama kwenye korido ya uwanja kabla ya mechi. Halafu nikafungua. Kinyozi alikuwa nje anakung'uta taulo. Akasema, "Kombora, leo umeamkaje..." na macho yakashuka. Kile kitambaa chako kilikuwa kimeshapata doa. Taulo ikabaki mkononi. Unajua, nimemjua yule mtu miaka mingi bila kuusikia ukimya wake hadi asubuhi ile.

Kijana wa pikipiki ni yule ambaye hanitozi nauli, ili jioni aseme alimbeba Kombora. Siku hiyo aliendesha taratibu, akikwepa kila shimo, na hakugusia mechi. Hospitali mlinzi alinyanyua mkono wa saluti, ukaishia kifuani. Akakimbia kuleta kiti cha magurudumu. Watu kwenye mabenchi hawakupiga makofi. Mzee mmoja alisogeza mguu wake mwenyewe chini ya benchi, nilimwona.

Daktari alikuwa yule yule wa Februari. Alianza, "Kombora wetu..." akaishia hapo. Alitoka kwenye kiti chake akachuchumaa sakafuni na koti lake jeupe, akafungua kitambaa mwenyewe. Kisha akaniuliza, "Hiki kimeanza lini?"

Nikamwambia, "Mwanzo wa mwaka."

"Na ulikuja kwangu Februari."

"Nilikuja."

Hakunyanyua kichwa. Dada, nilimwonea huruma kuliko nilivyojionea mimi. Nikamwambia, "Daktari, usijilaumu peke yako. Siku ile mimi na wewe tulikuwa tunaangalia mechi."

Ni sukari. Walipopima, mtu wa maabara alirudia mara ya pili akidhani mashine ina kichaa. Wamenikata vidole viwili vya kushoto, kile kidogo na jirani yake. Mguu wamenibakishia. Daktari amesema ningengoja Novemba nikapige mpira wao ule wa uzinduzi, wangekatia pale pale walipomkatia baba. Nililia alipoondoka. Sikulilia vidole. Nililia kwa jinsi nilivyokaribia.

Nimekuambia kila kitu. Sasa usinitumie mkasi.

K.


Tarehe 1 Oktoba

Mdogo wangu Kitumbo,

Nimeisoma barua yako nimekaa kwenye cherehani nikalia juu ya sare ya mtoto wa watu, ikabidi niifue upya. Asante kwa kutii. Wewe si mtu wa kutii, mama alikuwa anasema ulizaliwa ukibisha. Mpwa wako nimemwambia, nisamehe. Anakuja mwisho wa mwezi kukuona, na atakuletea kitambaa kingine, nimekichemsha tayari. Kula unavyoambiwa. Chai bila sukari utaizoea, mimi nimeianza ili usiwe peke yako. Ni mbaya sana.

Umeniandikia kwamba sijawahi kupenda mpira. Nimelifikiria sana hilo, na nadhani ni haki yako kujua.

Siku ya fainali yako nilikuwa nimekaa kwenye sakafu ya hospitali, nje ya chumba cha upasuaji. Najua ulivyoambiwa, kwamba baba alikatwa mguu wiki iliyofuata. Mama ndiye aliyepanga tuseme hivyo, ili usije ukaihesabu siku ile kuwa mbaya. Baba alikuwa ndani saa ile ile uliyokuwa uwanjani. Mlinzi wa pale alikuwa na redio dirishani. Ghafla watu wote waliruka, wauguzi, wagonjwa wenye bandeji, mfagiaji na ufagio wake, wakawa wanakumbatiana, na nikasikia wanataja jina lako. Nikajua umefunga. Na mimi nilikuwa na mfuko mapajani, ndani yake kiatu cha baba kilichokatwa, kwa kuwa hakuna aliyeniambia nikiweke wapi.

Ndiyo maana sijawahi kukuuliza habari ya lile goli. Mtu akianza kulisimulia mbele yangu naondoka. Umedhani nadharau, na mimi nimekuacha udhani hivyo kwa sababu ilikuwa rahisi. Sikuwa na hasira na wewe hata siku moja.

Lakini sasa umevua kiatu mwenyewe ukarudi na mguu wako, na mimi naona naweza kulisikia. Kila mtu huko kwenu analijua isipokuwa dada yako. Nisimulie. Usinisimulie kama unavyowasimulia pale mlangoni. Nisimulie lilivyokuwa.

Dada yako


Tarehe 15 Novemba

Dada yangu,

Mpwa wangu alifika salama na funguo zake. Alinifulia, akanipikia, akaziba panapovuja, na ameondoka jana. Umelea mtu. Kitambaa nimekipata. Kidonda kimefunga, natembea na fimbo, na mguuni navaa sandali ya ngozi ambayo fundi viatu ameifungua upande mmoja. Viatu vyeusi vinavyong'aa nimempa kinyozi. Vinampwaya, lakini anavivaa.

Ukuta umezinduliwa. Wamenichora kijana, mguu wa kushoto uko hewani na vidole vyote vimo ndani ya daluga. Mpira sikupiga. Wakanipa kipaza sauti nikaona nyuso zile zote zinangoja goli. Nikawaambia nimekatwa vidole viwili kwa sababu nilificha mguu kwenye kiatu, na nikawaomba wakifika nyumbani wavue viatu vyao waangalie. Nikafikiri nimeharibu sherehe ya watu. Halafu wakapiga makofi kuliko siku ile yenyewe, au masikio yangu yamezeeka.

Tangu hapo kiti changu cha mlangoni kimekuwa na kazi nyingine. Wanakuja kunisalimia kama zamani, lakini sasa wanavua viatu. Juzi fundi bomba mzima alivua buti mbele ya wateja wa saruji akaniuliza, "Kombora, hiki unakionaje?" Nikamwambia mimi si daktari, mimi nakuonyesha njia ya kwenda kwa daktari tu, na usimchekeshe ukifika. Tajiri analalamika kwamba duka linanuka miguu, ila hajaniondoa. Nilikuuliza watamsalimia nani. Naona wanamsalimia huyu huyu.

Sasa barua yako. Nimekaa nayo siku nyingi. Nilikasirika, nikamkasirikia mama aliye kaburini, kisha nikakuona akilini na ule mfuko mapajani, hasira ikaisha yote. Nimelia sana, dada. Miaka yote nimebebwa mabegani kwa siku ile na wewe uliibeba peke yako. Nisamehe kwa kutokujua.

Umeomba nikusimulie lilivyokuwa. Hakuna mtu nimewahi kumsimulia hivi, kwa hiyo weka miwani.

Unakumbuka soksi zangu za timu zilivyokuwa zimetoboka, ukanishonea ya kushoto kabla sijaenda kambini? Mshono wako ulikuwa imara, hata leo nadhani bado upo mahali. Lakini ulikaa juu ya kidole kidogo. Kufika kipindi cha pili kilikuwa kimechubuka, lengelenge limepasuka, kila nikikanyaga naona nyota. Mpira ukapigwa wa kona, beki wao akautoa kwa kichwa, ukaniangukia mimi nje ya eneo la hatari. Mpira wa namna ile siku zote nilikuwa naupiga kwa nje ya mguu, kwa upande wa kidole kidogo, na kipa wao alilijua hilo, alikuwa ameshaanza kuruka. Mimi nikakiogopa kidole. Nikageuza mguu nikausukuma kwa ndani. Dada, halikuwa kombora hata kidogo. Mpira ulikwenda polepole, unadundadunda, ukapita karibu na nguzo huku kipa amelala upande wa pili. Basi. Ndilo hilo lililochorwa ukutani. Ni mshono wako uliofunga, na kidole chenyewe ndicho walichokata.

Filimbi ya mwisho ilipopigwa sikungoja kombe. Nilipita mlango wa nyuma wa uwanja nikakimbia nyumbani nikichechemea, kwa sababu nilitaka kukusimulia wewe kwanza, na kukuonyesha kilivyochubuka, nikucheke na mshono wako. Nilikuta mlango una kufuli. Sikujua mko wapi. Mashabiki walikuja baadaye kunichukua, wakanibeba, na tangu siku hiyo nimemsimulia kila aliyeniuliza. Lakini kabla hawajafika nilikaa pale kizingitini, nikavua kiatu cha kushoto, nikakungoja.

Mdogo wako,
Kitumbo